Kisa cha fahali Buri: nani akague jeni zilizohaririwa?

Majuma machache yaliyopita nilimtembelea jamaa yangu anayefuga ng'ombe wa maziwa huko Kinangop. Nilimkuta yeye na kijana wake wamemlaza ndama chini, mmoja kamshika shingo, mwingine ana chuma kilichotoka motoni, wanachoma vichipukizi vya pembe. Ndama alilia mpaka mimi mtu wa tarakilishi nikajifanya nina simu ya kupokea, nikasogea kando.

Baadaye tukinywa chai nikamwambia kwamba huko Marekani wanasayansi waliwahi kumtengeneza ng'ombe wa maziwa asiyeota pembe kabisa, kwa kubadilisha mahali pamoja tu katika jeni zake. Nilidhani atauliza bei. Akauliza, "Na nani alimkagua?" Nikamjibu kwamba mwanzoni alikaguliwa na wenyewe waliomtengeneza. Akacheka. "Mwamba ngoma," akasema, "ngozi huvutia kwake."

Nilirudi Nairobi na maneno hayo kichwani. Kisa cha ng'ombe huyo nakijua vizuri, na kila nikikifikiria naona kinatuhusu sisi Wakenya. Basi leo nitakisimulia chote, tangu mwanzo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kuhariri. Mnyama au mmea una DNA, na DNA ni kama maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Ya ng'ombe ina herufi kama bilioni 2.7 hivi. Mbinu ya zamani, ile ya GMO tuliyoizoea kwenye magazeti, mara nyingi ilichukua jeni ya kiumbe wa jamii nyingine, kwa mfano bakteria, na kuibandika ndani ya mmea, na mbandikaji hakuwa na uwezo wa kuchagua itatua wapi. Kuhariri ni tofauti. Ni kama ile amri ya "tafuta na ubadilishe" katika programu ya kuandikia: unakwenda mahali unapopataka, unakata, unafuta herufi chache au unaweka nyingine. Chombo kinachojulikana zaidi ni CRISPR, kilichoanza kuvuma mwaka 2012. Kabla yake kulikuwa na kingine kiitwacho TALEN, na ndicho kilichotumika katika kisa chetu.

Sasa pembe. Ng'ombe wa Angus, wale weusi wa nyama, hawaoti pembe. Sababu mojawapo inayojulikana kwa ng'ombe wasio na pembe ni badiliko la asili kabisa: mahali fulani katika DNA yao herufi 10 zimetoweka na nafasi yake imechukuliwa na kipande cha herufi 212 kilichorudiwa. Basi. Friesian wengi hawana badiliko hilo, ndiyo maana jamaa yangu anawasha moto. Unaweza kumpandisha Friesian na Angus upate ndama asiye na pembe, lakini utakuwa umemchanganya na ng'ombe wa nyama, na itakuchukua vizazi vingi kuyarudisha maziwa.

Kampuni moja ya Minnesota iitwayo Recombinetics ikasema, kwa nini tusubiri? Wakachukua seli za ng'ombe wa maziwa, wakazikata kwa TALEN mahali penyewe, wakazipa kiolezo chenye zile herufi za ng'ombe asiye na pembe ili seli ikijiziba inakili kutoka hapo. Kisha wakatumia seli hizo kutengeneza viinitete kwa njia ya kloni. Mwaka 2015 wakazaliwa mafahali wawili walioishi, Buri na Spotigy. Hawakuota pembe. Mwaka 2016 habari zao zikachapishwa katika jarida la Nature Biotechnology, na watafiti wakaripoti kwamba walikagua na hawakuona mabadiliko yasiyokusudiwa. Mafahali hao walipelekwa Chuo Kikuu cha California, Davis, mikononi mwa mtafiti Alison Van Eenennaam. Huko Buri akapandishwa na ng'ombe wenye pembe, na mwaka 2017 wakazaliwa ndama sita. Wote sita hawakuwa na pembe.

Hapo kulikuwa na shangwe, na kusema kweli mimi mwenyewe nilifurahi. Lakini palikuwa pia na ugomvi kuhusu sheria. Mwaka 2016 idara ya kilimo ya Marekani ilikuwa imesema kwamba uyoga fulani uliohaririwa ili usigeuke rangi upesi hauhitaji kupitia ukaguzi wake. Mnyama hakubahatika hivyo. Januari 2017 FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, ilitoa rasimu ya mwongozo iliyosema kwamba badiliko lolote la makusudi katika DNA ya mnyama litashughulikiwa kama dawa ya mifugo. Yaani kabla hujauza nyama au maziwa, uidhinishwe kama anayeuza dawa.

Wafugaji na watafiti wengi walikasirika. Walisema, badiliko hili liko kwa ng'ombe tunaowala miaka nenda miaka rudi, vipi liitwe dawa? Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Nchi nyingine ziliisikiliza. Brazil ilitunga kanuni mwaka 2018 za kuamua jambo kwa kuangalia mnyama aliyepatikana mwishoni, na kamati yake ya usalama wa kibayolojia ikaona ng'ombe wa uzao huu hawana haja ya kuhesabiwa kuwa GMO. Ulaya ikaenda upande mwingine kabisa. Julai 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba viumbe waliohaririwa wanaingia chini ya sheria ile ile ya GMO. Kwa hiyo fahali mmoja angeitwa dawa Marekani, GMO Ulaya, na ng'ombe wa kawaida Brazil.

Hebu nisimame hapa kidogo niungame jambo langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sehemu inayofuata iliniuma.

Zamani niliandika programu ya hesabu kwa biashara moja ndogo. Nilipokuwa naijaribu nilijitengenezea akaunti ya majaribio yenye nenosiri rahisi, ili nisihangaike kuingia kila mara. Nilipomaliza nikafanya majaribio yote. Ankara zinatoka sawa, jumla sawa, ripoti sawa. Nikaikabidhi. Baada ya miezi mhasibu wao, mama ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu, akapitia orodha ya watumiaji na kuniuliza, "Huyu naye ni nani?" Ilikuwa ni ile akaunti yangu, ina ruhusa zote, imeketi pale. Majaribio yangu hayakuiona kwa sababu sikuyaandika yatafute kitu hicho. Nilikagua nilichokusudia kukiweka. Nilichokisahau sikukikagua.

Haya, turudi kwa Buri. Mwaka 2019 mtaalamu wa FDA anayechambua data za jeni kwa kompyuta, Alexis Norris, pamoja na wenzake, walizichukua data za DNA ya mafahali wale. Hazikuwa siri, zilikuwa zimewekwa wazi kwa umma. Wakagundua kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Kumbuka kile kiolezo nilichokitaja. Hakikuingizwa ndani ya seli kikiwa peke yake. Kilibebwa na plasmidi, yaani kipete cha DNA ya bakteria ambacho wanasayansi hukitumia kama mkokoteni. Mkokoteni ulipaswa kuleta mzigo na kupotea. Haukupotea. Katika nakala moja kati ya mbili za kromosomu ile, plasmidi nzima iliingia pale pale mahali palipohaririwa, pamoja na nakala ya pili ya kiolezo. Ndani ya plasmidi hiyo mlikuwa na jeni za kuwakinga bakteria dhidi ya dawa za antibiotiki, zile ambazo maabara huzitumia kuchagua bakteria waliobeba plasmidi.

Kwa maneno mengine, fahali aliyesemekana hana chochote ambacho Angus hana, alikuwa na DNA ya bakteria mwilini. Na ile akaunti yangu ya majaribio je? Ni hadithi hiyo hiyo.

Kwa nini waliotengeneza hawakuiona? Msemaji wa upande wa kampuni alikiri kwamba hawakuitarajia na hivyo hawakuitafuta. Nami nitawaeleza kwa lugha ya kazi yetu. Unaposoma DNA kwa mashine unapata vipande vifupi vingi mno, kisha unavilinganisha na DNA ya kumbukumbu ya ng'ombe ili kujua kila kimoja ni cha wapi. Kipande kisichofanana na chochote katika ng'ombe unaweza kukiweka pembeni kama takataka. Sasa plasmidi ni ya bakteria. Ukiuliza tu "ng'ombe huyu ametofautianaje na ng'ombe wa kawaida?", vipande vyake havitatokea kwenye jibu. Ni lazima uulize swali jingine: "Je, kuna humu chochote kilichotoka kwenye vyombo tulivyotumia?" Norris na wenzake waliuliza swali hilo, na jibu lilikuwa limelala kwenye data tangu mwanzo.

Watafiti wa Davis nao wakawapima wale ndama sita. Wanne walikuwa wameirithi plasmidi, wawili hawakuirithi. Niseme wazi ili nisiwatishe watu bure: ndama walikuwa na afya, na hakuna aliyeonyesha kwamba plasmidi ile ilimdhuru yeyote. Pia kosa lenyewe lingeweza kuondolewa, kwa sababu wale wawili walionyesha kwamba kizazi kimoja kinatosha kupata ndama safi. Lakini kwa umma habari ilikuwa ni kwamba walituambia hakuna kitu, na kumbe kitu kipo. Mpango wa kuanzisha uzao huo Brazil ukafutwa.

Mwaka 2022 mambo yakageuka tena, na sehemu hii mara nyingi husahauliwa. Machi mwaka huo FDA iliipa ruhusa kampuni ya Acceligen, ambayo ni tawi la Recombinetics yenyewe, kwa ng'ombe waliohaririwa wawe na manyoya mafupi ili wavumilie joto. Badiliko hilo nalo lipo kwa asili katika ng'ombe wengine wa nchi za joto. Safari hii ripoti ya tathmini iliwekwa wazi, hata mabadiliko yasiyokusudiwa yaliyoonekana yakaandikwa na kuelezwa kwa nini yanahesabiwa kuwa ya hatari ndogo. Kisha Aprili 2025 mamlaka hiyo hiyo ikaidhinisha nguruwe waliohaririwa wasipatwe na ugonjwa wa PRRS unaoua vifaranga vya nguruwe kwa wingi. Kwa hiyo ukaguzi haukuiua teknolojia, ila uliichelewesha na kuisahihisha.

Sasa tuje nyumbani, maana historia yetu ina kosa la aina nyingine.

Kenya haikuanza vibaya hata kidogo. Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa kibayolojia ilifunguliwa kutiwa saini hapa hapa Nairobi, Mei 2000, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kutia saini. Mwaka 2009 tukapata Sheria ya Usalama wa Kibayolojia, na kutokana nayo ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, inayojulikana kwa kifupi kama NBA. Tulikuwa na sheria, tulikuwa na wakaguzi.

Kisha Septemba 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, akachapisha utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa zikasambaa dunia nzima. Novemba mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Wanasayansi wengi waliukosoa utafiti ule: panya wa aina ile huota uvimbe kwa urahisi wakizeeka hata bila GMO, na kila kikundi kilikuwa na panya wachache. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa, ingawa mwaka 2014 ulichapishwa tena katika jarida jingine. Marufuku yetu ilibaki. Utafiti uliotumika kuiwasha ulikuwa umeondolewa, lakini hakuna aliyerudi kuizima hadi tarehe 3 Oktoba 2022.

Miaka kumi kasoro mwezi mmoja. Na ilipoondolewa, iliondolewa kwa namna ile ile ilivyowekwa: kwa tangazo la Baraza la Mawaziri, safari hii ukame ukiwa umewakamua wafugaji wa kaskazini. Mwananchi wa kawaida aliambiwa mwaka 2012 kwamba vyakula hivi ni hatari, na mwaka 2022 kwamba ni salama. Katikati hakuna aliyeketi naye kumweleza nini kilibadilika. Novemba 2022 waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akatoa kauli ambayo wengi wetu tunaikumbuka, kwamba Mkenya amezungukwa na mambo mengi ya kumuua na hakuna ubaya kuongeza GMO kwenye orodha. Labda alikuwa anatania. Lakini mama anayenunua unga Gikomba hakucheka, na mimi simlaumu.

Kesi zikafuata. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupilia mbali moja ya kesi za kupinga kuondolewa kwa marufuku. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusimamisha mambo kwa muda katika kesi nyingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wananchi walishaumwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kutishwa na mara ya pili kwa kupuuzwa.

Katikati ya kelele hizo NBA ilifanya jambo ambalo halikupata vichwa vikubwa vya habari. Mwaka 2022 ilitoa mwongozo wa kuhariri jeni, na Kenya ikawa nchi ya pili Afrika kufanya hivyo baada ya Nigeria. Kwa ufupi mwongozo unasema hivi: mwenye mradi aje mapema aeleze alichofanya. Kama kiumbe wa mwisho hana DNA ngeni, kwa mfano kimefutwa kitu tu, au kilichoongezwa kinatoka kwa kiumbe anayeweza kupandana naye, ashughulikiwe kama mbegu au mnyama wa kawaida. Kama DNA ngeni ipo, afuate sheria ya GMO.

Naupenda mwongozo huo. Na miradi ipo. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Steven Runo na wenzake wanahariri mtama usiite gugu la striga, lile ambalo Wajaluo huliita kayongo na linalomaliza mashamba ya magharibi. Gugu hilo huota linapohisi kemikali kutoka kwenye mizizi ya mtama, na badiliko wanalolifanya linafanana na lililoko kwa asili katika aina fulani za mtama. Hapa Nairobi pia, Leena Tripathi na wenzake wa taasisi ya IITA walichapisha mwaka 2019 kazi yao juu ya ndizi aina ya Gonja Manjaya. Ndizi hiyo ina virusi waliojificha ndani ya DNA yake, ambao huamka ikipatwa na ukame. Wao walitumia CRISPR kuwavuruga wasiweze kuamka, na robo tatu ya mimea waliyoijaribu haikuonyesha dalili.

Lakini sasa mweke Buri mbele ya mwongozo wetu. Badiliko limetoka kwa ng'ombe anayeweza kupandana naye? Ndiyo. DNA ngeni? Kampuni mwaka 2016 ingejibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba haipo. Kwenye karatasi, Buri angepita. Ndiyo maana nasema swali kubwa si kama kanuni ni kali au ni laini. Swali ni kama kuna mtu asiye mwenye mradi, mwenye data ghafi mkononi na ujuzi wa kuisoma, atakayeuliza, "Huyu naye ni nani?" Marekani alikuwepo. Na aliweza kufanya kazi yake kwa sababu data ilikuwa wazi, si kwa sababu kulikuwa na marufuku. Marufuku yetu ya miaka kumi haikumfundisha Mkenya hata mmoja kusoma data ile.

Wajapani walifanya jambo jingine la kuiga. Desemba 2020 kampuni ya Sanatech Seed iliwasilisha kwa serikali yao nyanya iliyohaririwa iwe na GABA nyingi. Kabla ya kuipeleka dukani, mwaka 2021 iligawa miche bure kwa maelfu ya watu wakapande wenyewe nyumbani, na zilipoanza kuuzwa ziliandikwa wazi kwamba zimehaririwa. Mtu hakulazimishwa wala hakufichwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mtama ule na ndizi zile zikifika siku ya kutoka, data ya DNA iwekwe wazi pamoja na orodha ya plasmidi zote zilizotumika. Tuna vijana katika vyuo vyetu wanaoweza kuchambua data ya jeni kwenye tarakilishi ya kawaida. Wapewe wakague, na matokeo yaandikwe kwa lugha ambayo mkulima wa Siaya ataisoma bila mkalimani. Wakikuta hitilafu, vizuri, irekebishwe kabla mbegu haijafika shambani. Wasipokuta, tutakuwa na jibu la kumpa mtu anayeuliza.

Jamaa yangu wa Kinangop nilimpigia simu juzi nikamsimulia kisa hadi mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale ndama wawili wasio na plasmidi waliwahi kuuzwa. Nikamwambia hapana. "Hao," akasema, "ningewanunua." Nikamuuliza, hata baada ya yote hayo? Akajibu kwamba ni kwa sababu ya yote hayo, maana hao sasa wamekaguliwa na mtu mwingine.